Barua ya wazi kuhusu vipimo vya protini katika saratani ya umio

Kwenu wakurugenzi wa hospitali za saratani, wakuu wa maabara za patholojia, wasimamizi wa mifuko ya utafiti na wahariri wa majarida ya tiba,

Salamu kwa heshima.

Naandika nikiwa mtu wa maabara. Kazi yangu ya kila siku ni kupokea vinyama vilivyotolewa kwenye umio wa mgonjwa, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kuviweka ndani ya nta, kuvikata vipande vya unene wa mikromita 3 au 4, kuvipaka rangi juu ya slaidi na kumkabidhi daktari wa patholojia avisome kwenye hadubini. Naandika pia nikiwa mtoto wa mgonjwa. Baba yangu mzazi aliugua saratani hii, na kinyama chake kilipita mikononi mwa watu wa kazi kama yangu, ingawa si katika maabara yangu.

Nianze na yaliyompata, maana ombi langu lote limetoka hapo.

Baba alianza kwa kukwamwa. Kwanza vyakula vigumu, kisha vilaini, mwisho akawa anayameza maji kwa kuyapimia. Alipopigwa kamera ya kuingizwa kupitia kooni, daktari aliona uvimbe sehemu ya chini, pale umio unapoungana na tumbo, akachukua vipande viwili vidogo. Majibu yakasema ni adenokasinoma, yaani saratani ya seli za tezi. Hospitali ile ilikuwa na mradi wa utafiti wa viashiria vya protini, na kila kinyama cha umio kilichoingia kilipitishwa kwenye orodha ya mradi: p53, Ki-67, EGFR, E-kadherini, saiklini D1. Nta ikakatwa, ikakatwa tena. Daktari wa saratani alipoagiza kipimo cha protini ya HER2, ambacho ndicho kingeamua dawa, ndani ya nta hapakuwa na seli za saratani za kupima.

Siku ya kusomewa majibu nilikaa pembeni yake. Daktari alikuwa kijana mpole, na simlaumu. Alimwambia, "Mzee, protini hizi zinaonyesha ugonjwa wako ni mkali, na wagonjwa wenye majibu kama haya kwa kawaida hawakai muda mrefu." Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Daktari, hizo protini zinakwambia unipe dawa gani?" Daktari alinyamaza kidogo, kisha akajibu ukweli: "Hazisemi, mzee."

Ikabidi apigwe kamera mara ya pili. Safari hii umio ulikuwa umebana kiasi kwamba kamera ya kawaida haikupita, ikatafutwa nyembamba. HER2 ikatoka 3+, daraja la juu kabisa. Alianza dawa wiki ya 7 tangu majibu ya kwanza, akaishi miezi 11. Siwezi kudai kwamba wiki zile zingemwongezea siku wala miezi. Kwa mgonjwa mmoja hakuna awezaye kulijua hilo. Lakini zote alizipitisha akisubiri jibu ambalo lingeweza kupatikana tangu mwanzo, huku ameshaambiwa kwamba hatakaa, na hajapewa chochote cha kushika.

Swali lake ndilo naomba mlitumie kupimia kila protini inayoombewa fedha, mashine au nafasi kwenye jarida. Kuna protini inayotabiri ugonjwa utakwendaje, na kuna protini inayoonyesha dawa ipi itamfaa mgonjwa huyu. Ya kwanza niiite kiashiria cha mwenendo, ya pili kiashiria cha dawa. Protini moja yaweza kuwa yote mawili, au moja tu, na katika saratani ya umio kuyachanganya kumewagharimu wagonjwa.

Chukueni EGFR. Hii hukaa juu ya utando wa seli ikipokea ishara ya kukua. Katika saratani ya umio mara nyingi huwa nyingi kupita kiasi, na tafiti nyingi zimeihusisha na maisha mafupi. Basi watu wakaona njia iko wazi: izibwe, na mgonjwa ataishi zaidi. Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya majaribio mawili ya Uingereza. Lile la REAL3 liliongeza panitumumabu, dawa inayoziba EGFR, kwenye kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ya wagonjwa wa adenokasinoma ya umio na tumbo iliyokwisha kukomaa. Waliopata kemo peke yake walikuwa na wastani wa kati wa miezi 11.3, yaani nusu yao walivuka hapo. Walioongezewa dawa hiyo walikuwa na miezi 8.8. Ni kweli kwamba dozi za kemo zilipunguzwa katika kundi hilo ili mwili uvumilie, na huenda hilo nalo lilichangia. Jaribio la SCOPE1 likaongeza setuksimabu, dawa nyingine ya EGFR, juu ya kemo na mionzi: miezi 22.1, huku wenzao wasioipata wakifikia 25.4. Katika majaribio yote mawili wagonjwa waliingizwa bila kuchaguliwa kwa kipimo cha protini hiyo. Kiashiria cha mwenendo kilichukuliwa kana kwamba ni kiashiria cha dawa, na waliolipa ni watu waliojitolea miili yao.

HER2 ilipita njia nyingine. Jaribio la ToGA, lililochapishwa mwaka 2010, liliwapima kwanza wagonjwa wa saratani ya tumbo na ya maungio ya umio na tumbo, likawachukua wenye HER2 peke yao. Walioongezewa trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, walikuwa na wastani wa kati wa miezi 13.8, wenzao 11.1. Kwa wale ambao protini ilikuwa nyingi kweli, yaani 3+, au 2+ iliyothibitishwa kwa kipimo cha jeni, pengo lilipanuka na kuwa 16.0 kwa 11.8. Kadiri kipimo kilivyowachagua wagonjwa kwa usahihi ndivyo faida ilivyoonekana. Na kuhusu iwapo HER2 yenyewe hutabiri maisha mafupi, wataalamu bado hawajakubaliana: tafiti nyingine zinasema ndiyo, nyingine hazioni tofauti. Mabishano hayo hayajamnyima mgonjwa dawa, kwa kuwa swali la dawa lilijibiwa peke yake na kwa utaratibu wake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo barua nyingi za kuomba fedha hulipita. Saratani ya umio si ugonjwa mmoja. Takriban wagonjwa 85 katika kila 100 duniani wana ile ya seli bapa, na waliobaki wengi wao wana adenokasinoma. Kipimo cha HER2 kina maana kwa adenokasinoma. Kwa seli bapa, protini yenye uzito leo ni PD-L1, ile ambayo saratani huitumia kuzituliza seli za kinga zisiishambulie. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua aina, na pale umbo la seli lisipojieleza, protini ya p40 husaidia kuitambua ya seli bapa. Nimewahi kusoma ripoti zenye majina ya viashiria saba ambazo mwishowe zinaandika "kansa, aina haijabainishwa". Ripoti ya namna hiyo haimsaidii daktari wa saratani hata kidogo.

PD-L1 nayo ina ugumu wake. Jaribio la KEYNOTE-590 lilihesabu seli za saratani pamoja na seli za kinga zilizobeba protini hiyo, likagawa kwa idadi ya seli za saratani zilizo hai na kuzidisha kwa 100. Wagonjwa wa seli bapa waliopata alama 10 au zaidi walikuwa na wastani wa kati wa miezi 13.9 kwa kemo na pembrolizumabu, dawa inayoziamsha tena seli za kinga, na miezi 8.8 kwa kemo peke yake. Jaribio la CheckMate 648 liliangalia seli za saratani tu: zikiwa zimebeba protini kuanzia 1 katika 100, nivolumabu, dawa ya kundi hilo hilo, na kemo zilifika miezi 15.4, kemo peke yake 9.1. Hesabu mbili, mistari miwili ya kukatia, yaani viwango vya kutenganisha chanya na hasi, na kingamwili tofauti za kupakia rangi, yaani zile zinazoishika protini inayopimwa ili ionekane. Mwezi Septemba 2024 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilipiga kura, kwa wingi mkubwa, kwamba katika saratani ya seli bapa ya umio dawa za kundi hili hazina faida inayozidi madhara pale PD-L1 ikiwa chini ya 1. Maana yake ni kwamba namba inayoandikwa na mtu aliyeinamia hadubini inafungua mlango wa tiba au inaufunga. Mtu huyo anahitaji mafunzo, slaidi za kulinganishia, mwenzake wa kusoma mara ya pili na muda wa kutosha. Ripoti iandike ni hesabu gani iliyotumika na kingamwili gani. "PD-L1 chanya" bila maelezo hayo haitoshi.

Sasa niwageukie wakurugenzi wa hospitali, kwa sababu yote niliyoyataja yanategemea kitu kidogo kuliko punje ya mchele kilichomo ndani ya chupa.

Mwongozo wa vyama vya patholojia na saratani vya Marekani kuhusu HER2 katika saratani za umio na tumbo unataka vipande visivyopungua 5, na bora zaidi 6 hadi 8. Sababu ni kwamba protini hii haikuenea sawasawa ndani ya uvimbe. Kona moja inaweza kuwa imejaa na ya jirani haina kitu. Mgonjwa ameshafunga, ameshapewa dawa ya usingizi, mpira umeshaingia. Kuongeza vipande vinne ni dakika chache, na kumrudisha baada ya mwezi ni mateso ambayo nimeyaona kwa macho yangu. Mwongozo huo huo unataka kinyama kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa 1, kikae humo kwa saa zisizopungua 6 na zisizozidi 72. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyorekebishwa uchachu wake. Nawasihi mwende wenyewe kwenye chumba cha kamera mkaangalie. Mtaona chupa zilizojazwa kwa kukisia kutoka kwenye dumu lisilo na tarehe. Mtaona vinyama vya Ijumaa mchana vinavyofika maabara Jumanne asubuhi. Mtaona fomu isiyo na saa ya kutolewa kwa kinyama, kwa hiyo sisi tunaokipokea hatuwezi hata kujua kimekaa muda gani.

Kinyama kilichochelewa kuingia fomalini huanza kuoza, na protini zake huharibika kabla hatujazigusa. Kilichokaa muda mfupi mno hakishiki vizuri, na kilichokaa mno hufungamana kiasi kwamba kingamwili haipati pa kushika. Mashine haitajua. Itapaka rangi hafifu, daktari ataandika "hasi", na mgonjwa ataambiwa kwamba dawa ile si yake. Hili ndilo linaloninyima usingizi katika kazi yangu: hasi ya uongo haipigi kelele. Chanya ya uongo angalau huonekana dawa inaposhindwa. Hasi ya uongo huzikwa pamoja na mtu.

Vilevile, slaidi zilizokatwa na kuachwa bila kupakwa rangi hupoteza nguvu ya protini kadiri wiki zinavyopita. Desturi ya kukata slaidi 20 mapema "kwa ajili ya utafiti wa baadaye" inamaliza nta na kutuachia vioo vilivyochakaa.

Ndiyo maana naomba kanuni moja iandikwe na kubandikwa ukutani kwenye kila maabara inayopokea vinyama vya umio: vipimo vinavyoamua dawa hukatwa kwanza, na utafiti hupata kinachobaki. Kama baba angepimwa kwa mpangilio huo, vipande vyake viwili, kwa uchache wake, pengine vingetosha.

Kwenu wenye mifuko ya utafiti na wahariri wa majarida. Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa makala 1,575 za viashiria vya mwenendo wa saratani zilizotoka mwaka 2005. Zaidi ya 95 katika kila 100 zilitangaza kuwa zimepata uhusiano wa maana. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya maabara anajua kwamba dunia haiko hivyo. Kazi nyingi tunazozifanya hazioneshi kitu. Matokeo yasiyoonesha kitu yanabaki kwenye droo, na yanayong'aa yanachapishwa. Kwa umio orodha ni ndefu: p53, Ki-67, VEGF, saiklini D1, E-kadherini, survivini, p16. Utafiti mmoja unasema protini fulani inafupisha maisha, wa pili unasema inarefusha, wa tatu hauoni lolote. Mara nyingi ukichungulia ndani unakuta wagonjwa 60 au 80 kutoka hospitali moja, aina mbili za saratani zimechanganywa, waliopasuliwa wamewekwa pamoja na waliopata mionzi kwanza, na mstari wa kutenganisha "nyingi" na "chache" umechaguliwa baada ya kuona wapi unaleta tofauti kubwa zaidi. Ukisogeza mstari mara ishirini, lazima mahali pamoja utapata kitu.

Jambo la mionzi na kemo kabla ya upasuaji nalitilia mkazo. Katika jaribio la CROSS, lililochapishwa mwaka 2012, tiba hiyo ya awali iliwafanya wagonjwa 49 kati ya kila 100 wa seli bapa, na 23 kati ya kila 100 wa adenokasinoma, wasionekane na saratani yoyote kwenye umio uliotolewa. Kwa hao protini utaipima wapi? Ukipima waliobaki na uvimbe pekee, umeshawaacha nje waliofanya vizuri kuliko wote, na jibu lako limepinda kabla hujaanza. Kinyama cha kabla ya tiba ndicho chenye thamani, na ndicho tunachokichukua kwa uchoyo.

Mwongozo wa REMARK wa kuripoti tafiti za viashiria vya saratani upo tangu mwaka 2005. Unataka mwandishi aeleze wagonjwa walipatikanaje, kinyama kilihifadhiwaje, kipimo kilifanywaje, mstari wa kukatia ulichaguliwaje, na kama protini inaongeza lolote juu ya yale tunayoyajua tayari: kina cha uvimbe, idadi ya tezi za limfu zilizoingiliwa, kusambaa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Protini inayorudia tu yale ambayo hatua ya ugonjwa imeshasema haina cha kumwongezea mgonjwa. Wahariri, rudisheni makala zisizotimiza hayo, na chapisheni kwa moyo ule ule tafiti zilizofanywa vizuri ambazo hazikupata kitu. Wenye fedha, lipieni tafiti za kuthibitisha: hospitali nyingi, aina moja ya saratani, mstari wa kukatia uliowekwa kabla ya slaidi ya kwanza kupakwa rangi. Najua kurudia kazi ya mwingine hakumpi mtafiti sifa. Basi mpeni fedha.

Kuna protini nyingine ambayo karibu hakuna anayeiandikia makala za kusisimua, na kila maabara inaweza kuipima kwenye damu siku hiyo hiyo. Ni albumini. Mgonjwa wa umio huanza kufa njaa kabla ya kufa saratani. Albumini ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, huku CRP, protini ya damu inayoonyesha kwamba mwili umechochewa, ikipanda juu ya miligramu 10 kwa lita, wagonjwa huenda vibaya zaidi. Tafiti za aina nyingi za saratani zimeliona hilo, ya umio ikiwemo. Albumini haishuki kwa njaa pekee, kwa kuwa saratani yenyewe huiteremsha kwa kuuchochea mwili. Hata hivyo, namba hizo mbili zinamwamsha mtu: mwite mtaalamu wa lishe, weka mrija wa kulishia, panua umio, angalia kama mwili utaihimili kemo. Swali la baba lina jibu hapo. Albumini yake niliikuta kwenye faili baadaye. Ilikuwa 27, na hakuna aliyeiandikia neno.

Na kuhusu kumweleza mgonjwa, nitasema kwa ufupi. Wastani wa kati ni wa kundi. Nusu huishi zaidi ya hapo, na baadhi yao zaidi sana. Kiashiria ambacho hakijathibitishwa kisisomwe mbele ya mgonjwa kama jibu la muda wake wa kuishi. Kama kipimo ni cha utafiti, ripoti iseme hivyo kwa herufi zinazosomeka, na matokeo yakae kwa watafiti.

Nta ya kinyama cha pili cha baba bado ipo, na namba yake ninayo. Safari ile daktari alichukua vipande 7, kwa hiyo seli za saratani zimo za kutosha. Kabla hajafariki, baba alitia saini idhini itumike kwa utafiti. Alinyanyuka kitandani ili asaini akiwa amekaa. Akiwapo kati yenu mwenye swali lililoandikwa kamili, lenye mstari wa kukatia uliokwisha kuwekwa na wagonjwa wa kutosha kulijibu, na aiombe. Nitaikata kwa mkono wangu.

Wenu katika kazi,
Mtumishi wa maabara ya patholojia